Nyumba Inayopigwa Rangi

“Tangu lini posa ikapokelewa bustanini?” Luhaga aliuliza waliposhuka kwenye basi mjini Kilosa. Swali hilo alikwisha kuliuliza kijijini Zombo kabla hawajapanda bodaboda, akaliuliza tena njiani huku vumbi likimwingia mdomoni, na sasa alilitoa upya kama vile ndiyo kwanza limemjia.

“Wamesema nyumba inapigwa rangi, shemeji,” Kishiwa alijibu. “Harufu ya rangi inaumiza kichwa.”

“Mimi nimenusa dawa ya josho la ng'ombe maisha yangu yote. Rangi itanifanya nini?”

Kishiwa alikaza kitenge kiunoni, akatangulia. Moyoni lakini alikuwa akijiuliza hilo hilo. Mtu anayekuja kuposa hupokelewa nyumbani, akakalishwa, akapewa maji, akaona watu wanalala wapi na wanakula nini. Hao wenyeji wao walituma ujumbe kwamba wakutane kwenye Bustani ya Reli, watembezwe, waone mji. Utadhani wamekuja kwa ziara ya shule.

Luhaga alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake, na katika jambo hili ndiye aliyesimama kama baba wa Peter. Peter mwenyewe alikuwa Kidodi siku hiyo, akiendesha lori la miwa, maana msimu ulikuwa umeanza. Na hata angekuwa na nafasi, kijana hajiposei. Neno lilikuwa la Luhaga. Akisema ndiyo, ng'ombe wanatoka zizini. Akisema hapana, hata Kishiwa angelala mlangoni pa zizi hilo, ng'ombe wangebaki humo humo.

Na Kishiwa alimtaka binti huyo. Aliitwa Imani, alifanya kazi kwenye shamba la mbegu Kilangali, na mwaka uliopita Peter alimleta Zombo kusalimia. Siku hiyo ndama alinasa kwenye tope la kisima. Wanaume walisimama wakishauriana, mmoja anataka kamba, mwingine anataka ubao. Imani alipandisha gauni lake la safari, akaingia topeni mpaka magotini, akamkumbatia ndama kifuani na kumtoa. Kisha akauliza maji ya kunawa yako wapi. Tangu siku ile Kishiwa alimwita mkwe, ingawa kimoyomoyo, na alikuwa na yakini kwamba hakukosea. Katika kuchagua mtamba na kuchagua mtu hakuwahi kukosea, na hakuona sababu ya kuanza sasa.

Kwenye lango la bustani walikuwa wanasubiriwa. Baba wa Imani alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alibatizwa Theodory, lakini mjini walimwita Mzee Kondo, kwa jina la babu yake, Mzaramo aliyekuja huku na kazi ya kujenga reli na asirudi tena kwao. Mkewe, Sesilia, alikuwa mfupi mwenye macho mazuri ya uchovu. Theodory aliinama kidogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” Luhaga alisema. “Hamjambo?”

“Hatujambo. Karibuni sana. Poleni na safari.”

Hapo Kishiwa aliona wakati wake umefika. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hasubiri kukaribishwa. Alimtazama Theodory kuanzia kofia hadi viatu, akapiga makofi.

“Kumbe ndio hawa Wazaramo wenyewe? Nilitegemea nitapokewa na ngoma, nimepokewa na mifupa! Mama Imani, huyu mume unamlisha au unamwanika?”

Akasubiri. Mzaramo yeyote mwenye akili timamu angerudisha hapo hapo. Angesema Wasukuma wamejaza basi mpaka limepasuka matairi, au angeuliza, ikiwa hawa ndio wenye akili, ng'ombe wao wameachiwa nani. Theodory alitabasamu kwa adabu, akaupokea mkoba wa Kishiwa.

“Karibu, mama. Jua ni kali, tupite kivulini.”

Kishiwa alibaki mdomo wazi. Karibu, mama? Tupite kivulini? Mtani akikuheshimu, ujue kuna jambo.

Walianza kutembea. Bustani ilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri, na nzuri, hilo hakulikataa. Njia pana ya mchanga ilipita katikati ya mikangazi mizee ambayo vigogo vyake watu watatu wasingevikumbatia. Jua la mwezi wa sita lilipenya kwenye majani na kudondoka chini vipande vipande. Theodory aliwaeleza kila kitu. Wajerumani ndio waliopima viwanja hivi wakati reli inafika. Waingereza wakaongeza kibanda cha bendi, kile chenye paa la chuma lililochongoka. Baada ya uhuru watu walicheza dansi hapo kila Jumamosi, na mama yake Theodory aliwahi kuvunjia hapo kisigino cha kiatu cha kuazima. Hii mikangazi upande wa kushoto, babu yake alikuwa miongoni mwa vibarua walioipanda. Alipoizungumzia miti hiyo sauti yake ilijaa, akawa kama mtu mwingine.

Waliona chemchemi ya mawe ambayo haikuwa na maji, ila mjusi aliyeota jua kwenye mdomo wa samaki wa saruji. Waliona kichwa cha garimoshi cha zamani, kimepakwa rangi nyeusi, watoto wamepanda juu wakipiga honi kwa midomo yao. Wakapanda ngazi za mawe hadi kwenye kilima kidogo, na kutoka hapo waliona mto Mkondoa ukimeremeta na reli ikikunja kona kuelekea milimani.

“Watu wengi hupita wakaenda Mikumi kutazama tembo,” Theodory alisema. “Hawajui kama na hapa kuna cha kutazama.”

Luhaga hakuwa anatazama mto. Alikuwa ameinama, ameng'oa kipande cha nyasi, anakitafuna kwa kufikiri. “Majani haya ni mazuri,” alisema. “Anakula nani?”

“Hakuna, mzee. Yanafyekwa.”

“Yanafyekwa, halafu?”

“Yanatupwa.”

Luhaga alifumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kishiwa akaona nafasi nyingine, akaikamata.

“Mzee Kondo, mshike sana shemeji yangu, ukigeuka atakuwa amekula mpaka kwenye ngazi! Mtaanza kusema Wasukuma tumewamalizia bustani.”

Huo haukuwa utani tu, ulikuwa mpira uliowekwa mbele ya goli lisilo na kipa. Mtoto wa Kizaramo angefunga. Theodory alisema, “Hapana mama, hakuna neno,” akawaonyesha njia ya kwenda kwenye bwawa la mayungiyungi.

Basi Kishiwa akaacha kutazama miti, akaanza kuwatazama watu. Aliona kwamba Theodory alijua kila jiwe la bustani ile, ila kila walipokaribia upande wa mashariki, penye msitu wa mianzi, aligeuza njia. Mara ya kwanza alisema kule kuna nyuki. Mara ya pili alisema kuna matope, ingawa mvua zilikuwa zimekatika kitambo na ardhi inapasuka. Na tena kulikuwa na kuku mmoja.

Alikuwa tetea mwekundu mwenye kitambaa cha bluu mguuni, na alitokea wasikojua akaanza kumfuata Sesilia. Sesilia akisimama, kuku anasimama. Sesilia akienda, kuku anaenda, shingo mbele, kama karani aliyechelewa mkutano.

“Shii!” Sesilia alisema, bila kumwangalia.

“Kuku wako?” Kishiwa aliuliza.

“Hapana, mama. Ni wa hapa hapa bustanini.”

“Bustani inafuga kuku?”

“Wanajifuga tu,” Sesilia alisema kwa sauti ndogo, na masikio yake yakawa mekundu, kama yanavyoweza kuwa mekundu masikio ya mtu mweusi, yaani mwenye macho huyaona.

Jua lilipofika utosini walitandikiwa mkeka chini ya mkangazi, na Imani akaja na chakula. Alipiga magoti kwa Luhaga na kwa Kishiwa, “Shikamoo baba, shikamoo mama,” kwa adabu iliyomfanya hata Luhaga alegeze uso. Palikuwa na wali, mchicha wa nazi, na kuku aliyekuja na sufuria yake, imefunikwa kwa sinia. Imani alipofunua, mvuke ulipanda, na mapovu yalikuwa bado yanapasuka juu ya mchuzi.

“Nyumbani ni mbali?” Kishiwa aliuliza huku akinawa.

Imani alimtazama baba yake. Theodory ndiye aliyejibu. “Ng'ambo ya mto, mama. Mwendo wa saa nzima kwa miguu.”

Kishiwa alimega, akala, akasifu. Mchuzi ulikuwa mtamu kweli. Lakini mchuzi uliotembea saa nzima juani na kufika unatokota, huo haukuwa mchuzi, ulikuwa muujiza. Na ndala za Imani hazikuwa na chembe ya vumbi.

Walipomaliza, Luhaga alijinyoosha karibu na Kishiwa, akasema kwa Kisukuma, taratibu, akitazama mbele. “Basi la kurudi linaondoka alasiri. Nitawashukuru kwa chakula, halafu tutaondoka, na habari itakuwa imekwisha.”

“Shemeji, binti umemwona.”

“Binti nimemwona. Mlango sijauona. Umaskini si ugonjwa, Kishiwa, mimi sitafuti matajiri. Lakini mtu anayenificha mlango wake leo, kesho mjukuu wangu akiugua humo ndani atanificha na huo ugonjwa. Sitoi ng'ombe kwa mlango nisioujua.”

Kibaya ni kwamba alikuwa sahihi. Kishiwa aliumia, maana angekuwa mjinga ingekuwa rahisi kumshinda. Lakini Kishiwa hakuwa mtu wa kulia kabla ya msiba. Alasiri ilikuwa bado, na yeye alikuwa na miguu, macho, na utani.

Wakati huo huo tarumbeta zililia langoni. Msafara wa harusi ulikuwa umeingia kupiga picha, kama ilivyo desturi ya maharusi wakitoka kanisani: bibi harusi na shela lake, wapambe wa rangi ya zambarau, wapiga matarumbeta jasho tupu, na mpiga picha anayetembea kinyumenyume akipiga kelele, “Tabasamu! Bwana harusi, shika kiuno!” Bustani nzima ilikimbilia kwenye kibanda cha bendi. Luhaga alisimama kutazama, kwa kuwa alipenda tarumbeta. Theodory alisimama kando yake. Sesilia na Imani walikuwa wamekwisha kukusanya vyombo, na Imani alikwisha kuondoka navyo. Kishiwa alimtazama bibi harusi, akamwona Imani ndani ya shela lile.

Hapo akamwona kuku. Tetea yule alikuwa amechoshwa na tarumbeta. Alizunguka mara moja, akalia ile sauti ya kuku anayetaka kutaga, akashika njia ya mashariki kwa haraka. Kishiwa alijifunika kanga kichwani, akamfuata. Binadamu huweza kukuzungusha bustani nzima mchana kutwa, lakini kuku anayetaka kutaga haendi ila kwake.

Kuku alipita kwenye mianzi. Hapakuwa na nyuki wala tope. Nyuma ya mianzi palikuwa na vitalu vya miche, safi, vimemwagiliwa, na nyuma ya vitalu palikuwa na stoo ya zamani ya watunza bustani, ya mawe, bati limeshika kutu, na turubai limefungwa mbele kuongeza kivuli. Jiko la mkaa lilikuwa linafuka. Kwenye kamba palikuwa na shuka na soksi za shule. Kuku aliingia moja kwa moja chini ya kitanda kilichoonekana mlangoni.

Kishiwa naye aliingia moja kwa moja. Mtani habishi hodi.

Imani alikuwa amechuchumaa akisugua sinia. Alipoona kivuli akageuka, sinia likamponyoka.

“Mama!”

“Hii ndiyo nyumba inayopigwa rangi?” Kishiwa aliuliza.

Hakungoja jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limesimama ukutani. Lilikuwa ni kabati la mninga, kabati la heshima, na juu kidogo ya kitasa chake ulipita mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mbao za chini zilikuwa zimevimba. Godoro lilikuwa juu ya matofali. Kila kitu kilikuwa safi na kila kitu kilikuwa kimebanwa na kingine. Kishiwa alikuwa ameishi wilaya ya Kilosa muda wa kutosha kujua mto ukiingia ndani ya nyumba unaacha alama gani.

“Ni mafuriko ya mwezi wa kwanza,” Imani alisema, na machozi yakaanza. “Nyumba ilianguka yote. Mama anafanya kazi hapa kwenye vitalu, msimamizi akawaruhusu wakae stoo mpaka wapate pa kwenda. Peter hajui. Baba aliniapisha. Alisema, wageni wakija waone bustani, wasituone sisi.”

Kishiwa alikaa kwenye kitanda. Alihisi uchungu mkubwa, kisha hasira, kisha uchungu tena. Alimwona yule mzee mrefu akiamka alfajiri kupiga pasi shati lile, kwa pasi ya mkaa, kwenye kitanda hiki hiki. Na alielewa kwa nini utani ulimshinda kurudisha. Kufanya utani kunataka mtu awe amesimama. Moyoni Theodory alikuwa amekaa chini siku nzima, na wageni wake hawakumwona.

“Mficha uchi hazai,” alisema. “Futa machozi.”

“Nitamwambia nini baba?”

“Wewe usimwambie kitu. Ukimpa pole leo, umemzika. Baba yako ni mtani wangu, na mtani hapewi pole.” Akasimama, akafunua sufuria ya wali iliyokuwa pembeni, akakwangua ukoko, akautia mdomoni. Ulikuwa mzuri. Kisha akaifunika sufuria, akaiweka kichwani, masizi na yote, akatoka nje.

Alikuja nayo katikati ya bustani, kwa mwendo wa maringo, akaufanya wimbo wa matarumbeta kuwa wake. Wapambe walikuwa wa kwanza kumwona. Mpiga picha akageuza kamera.

“Wazaramo!” Kishiwa alipaza sauti. “Nimeingia kwa Mzaramo bila hodi, nimekula ukoko wake, nimekamata sufuria yake! Siitoi mpaka aje mwenyewe kuikomboa, mlangoni kwake, mbele ya mashahidi!”

Watu wakaangua kicheko. “Watani hao!” mtu mmoja alisema, na mpiga tarumbeta mnene akampa Kishiwa mlio mmoja mrefu wa kumuunga mkono. Hakuna aliyeuliza mlango uko wapi wala una hali gani. Sufuria imekamatwa, inakombolewa, hiyo ndiyo sheria ya utani. Kishiwa alizunguka kibanda cha bendi, kisha akarudi njia ya mianzi. Sesilia alijishika kifua. Theodory alisimama pale pale, uso umempauka kama jivu, akiitazama sufuria yake. Luhaga alimtazama Theodory, akaitazama mianzi, akaelewa. Akaanza kutembea, fimbo mkononi, na wenyeji wakamfuata.

Walimkuta Kishiwa amekaa kwenye kizingiti, sufuria mapajani. Luhaga alisimama mbele ya turubai. Alitazama bati, kamba ya nguo, jiko, kabati lenye mstari wake wa tope. Alitazama taratibu, kama anavyotazama ng'ombe wa mnada.

“Mmetuzungusha mchana kutwa,” alisema mwishowe. “Nyuki. Matope. Kumbe mlango ulikuwa hapa.”

“Ndiyo, mzee,” Theodory alisema. Sasa sauti yake ilikuwa wazi, kwa kuwa hapakuwa na kilichobaki cha kulinda. “Nimekosa. Ila nikueleze. Huyu binti yangu ana kazi yake na akili zake. Anaolewa kwa kuwa amempenda kijana wenu. Ungekuja ukaona stoo hii, ungerudi Zombo ukisema Kondo anamtoa mtoto kwa sababu hana pa kumlaza. Angeingia kwenu kama mtu aliyeokotwa. Hilo nisingeweza, mzee. Njaa naiweza. Hilo siliwezi.”

Uso wa Luhaga ulikuwa bado mgumu, na Kishiwa alijua ugumu ule. Akaona asiposema yeye, ataipoteza siku, na mkwe pamoja nayo.

“Shemeji,” alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, “wewe ndiye uliyekuja kuniposa mimi kwa baba yangu. Nakumbuka kama jana. Ulikaa kwenye kigoda, ukasema, ‘Mdogo wangu ana mji wake kule Morogoro, una nyumba, una zizi, una ghala.’ Baba akafurahi. Nikasafiri kwa treni na masanduku yangu. Nikafika Zombo. Nikakuta nini?”

Luhaga alikohoa.

“Sema tu, shemeji, hawa ni watani.”

“Turubai,” Luhaga alisema.

“Turubai! Tena lina tundu! Peter nilimzaa chini ya tundu hilo, mvua inanyesha, mkunga kashika mwavuli. Nilikuuliza ghala liko wapi, ukanijibu nini?”

“Nilisema linajengwa,” Luhaga alisema kwa shida.

“Linajengwa. Hawa wanapiga rangi. Tofauti iko wapi?”

Sesilia alitoa sauti ndogo, nusu kilio, nusu kicheko, akaiziba kwa upande wa kanga. Luhaga alipigapiga fimbo ardhini. Kule mbali tarumbeta zilikuwa zinaanza wimbo mwingine. Kisha alivua kofia, akaiegemeza fimbo ukutani nje, kama mtu anayeingia kwa watu anaowaheshimu, akamwashiria Kishiwa ampishe.

Alikuwa mtu mkubwa, Luhaga, mabega ya kuvutia maksai, na mlango wa stoo ulijengwa kwa ajili ya majembe na mikokoteni. Ilimbidi ageuke ubavu. Hata hivyo kichwa chake kiligonga fremu ya juu kwa kishindo, vumbi la kutu likamwagika mabegani. Hakuna aliyethubutu kucheka. Aliingia, akakaa kwenye kitanda, kitanda kikalia, kuku akatoka mbio chini yake akilalamika. Luhaga alipokea maji aliyopewa na Imani, akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Alitazama kuta zote nne. Mwisho akautazama mlango, huku akijipapasa penye nundu.

“Mzaramo,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu asubuhi. “Mlango wako huu ni mwembamba sana. Ng'ombe wetu watapitaje?”

Imani alishika kabati. Sesilia alishusha kanga mdomoni. Kishiwa alijua kwamba neno limekwisha kutolewa, ng'ombe wanakuja, na moyo wake ulitaka kupiga vigelegele. Lakini akajizuia, kwa sababu swali halikuwa lake. Alimtazama Theodory.

Mzee Kondo alikuwa amesimama nje, juani, mrefu, mwembamba, shati lake bado limenyooka. Alimtazama Luhaga kitandani mwake. Akautazama mlango, juu mpaka chini, bila haraka. Kitu fulani kwenye pembe ya mdomo wake kilianza kucheza.

“Watapita tu, Msukuma,” alisema. “Ikiwa wewe na kichwa hicho umepita, ng'ombe watashindwa nini?”

Mabega ya Luhaga yakaanza kutikisika, kitanda kikatikisika naye. Kishiwa alicheka mpaka akajishika ubavu, mpaka sufuria ikamponyoka mapajani, maana hayo ndiyo matusi aliyokuwa akiyasubiri tangu asubuhi.